Kujifunza Kichina: Makosa ya mwanzo yanayojutiwa baadaye

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki anayesimama mbele ya duka la jumla mjini Guangzhou, nchini China, huhitaji maneno mawili kabla ya mengine yote: kununua na kuuza. Kwa Kichina, yote mawili ni "mai". Kinachoyatenganisha ni mwendo wa sauti tu. Mǎi, ambayo sauti yake hushuka kisha hupanda, ni kununua. Mài, inayoshuka ghafla, ni kuuza. Asiyeshika tofauti hiyo aweza kutangaza kwamba anauza bidhaa ileile aliyosafiri kuinunua.

Hapo ndipo lilipo kosa linaloanza mapema na kujutiwa kwa muda mrefu: kuichukulia toni kuwa pambo litakaloongezwa baadaye, msamiati ukishatosha.

Mafunzo ya Kichina yameenea katika ukanda huu. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilianzishwa mwaka 2005, na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikafuata mwaka 2013. Taasisi kama hizo zipo pia Rwanda, Burundi na Uganda.

Kwa nini toni huwashinda wengi?

Katika Kiswahili, mkazo huangukia karibu kila mara silabi ya pili kutoka mwisho, na sauti inapopanda mwishoni huashiria swali. Mwanafunzi huhamishia mazoea hayo katika Kichina. Akitaka kuuliza kama kilichomo bakulini ni supu, yaani tāng, hupandisha sauti, na bila kujua huwa ametamka táng, yaani sukari.

Hata hivyo, wengi wa wanafunzi hao wana hazina wasiyoitumia. Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda ni lugha za toni. Katika Kinyarwanda na Kirundi, neno "inda" laweza kuwa tumbo au chawa, kutegemea sauti. Masikio ya wazungumzaji wake yamezoea tofauti hizo tangu utotoni. Lakini kwa kuwa toni haziandikwi katika maandishi ya kawaida ya lugha hizo, na darasani Kichina hufafanuliwa kwa Kiingereza au Kiswahili, wengi hujiona wageni katika jambo wanalolifanya nyumbani kila siku.

Kosa la pili ni kuegemea mno pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini ulioidhinishwa nchini China mwaka 1958. Mfumo huo humsaidia anayeanza kutamka, lakini magazeti, mikataba na vibao vya barabarani huandikwa kwa hanzi, yaani alama za Kichina. Katika mtihani wa HSK wa ngazi sita, pinyin huambatana na hanzi katika ngazi mbili za kwanza, kisha huondolewa kuanzia ngazi ya tatu. Aliyeahirisha kusoma hanzi hujikuta akianza upya wakati anapokaribia kuomba nafasi ya masomo.

Kosa la tatu ni kukariri kila hanzi kama picha isiyo na sehemu. Orodha rasmi ya China ya mwaka 2013 ina hanzi 3,500 za matumizi ya kawaida, idadi isiyokaririka kwa namna hiyo. Nyingi huundwa kwa sehemu zinazojirudia. Hanzi ya mā, yaani mama, ina alama ya mwanamke upande wa kushoto, inayodokeza maana, na alama ya farasi, mǎ, upande wa kulia, inayodokeza matamshi.

Tiba yake haihitaji gharama. Kila neno jipya liandikwe daftarini likiwa na toni na hanzi yake tangu siku ya kwanza, kisha lisomwe kwa sauti mbele ya mtu awezaye kusahihisha. Matamshi yaliyokosewa kwa miaka miwili huwa mazoea, na kuyang'oa mazoea huchukua muda mrefu kuliko kujifunza neno jipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.