Nyangumi wa Vamizi na jamaa yake wa Ruvuma

VAMIZI, Cabo Delgado – Mfanyabiashara anayevuka Mto Ruvuma kati ya Mtwara na Palma huenda akamwona kiboko. Akisafiri kwa jahazi nje ya kisiwa cha Vamizi, kati ya Julai na Novemba, huenda akamwona nyangumi mwenye nundu akirusha pumzi yake juu. Hao wawili ni jamaa. Kati ya wanyama wote wa nchi kavu walio hai leo, hakuna aliye karibu na nyangumi kuliko kiboko.

Si kwamba kiboko aligeuka nyangumi. Walitokana na babu mmoja. Nyangumi wa kale kabisa wanaojulikana waliishi Pakistan miaka milioni 50 hivi iliyopita. Walikuwa na miguu minne na ukubwa kama wa mbwa-mwitu, na kilichowatambulisha kwa wataalamu ni mfupa wa sikio. Katika jangwa la Wadi al-Hitan, Misri, mifupa ya nyangumi wa baadaye ina miguu ya nyuma midogo mno, isiyoweza kubeba mwili wa mita 15 na zaidi.

Kenya nayo ina wake. Mwaka 1964 mfupa wa nyangumi wa miaka milioni 17 ulipatikana Turkana, kilomita 740 kutoka baharini. Mnyama huyo alipanda mto akapotea njia, wakati nchi hiyo ilikuwa bado tambarare ya chini. Mfupa wenyewe nao ulipotea huko Marekani, ukaonekana tena 2011!

Wanaopita Vamizi hutoka bahari ya baridi ya kusini, na hawaji kula bali kupandana na kuzaa. Mtoto huzaliwa na urefu wa mita nne hivi, hunyonya, na hupumua kwa mapafu. Mkia wao hupiga juu na chini, kama mgongo wa mnyama anayekimbia, wakati wa samaki hupiga kulia na kushoto.

Kwa hiyo jarife likimzonga, mvuvi hupoteza nyavu na nyangumi, mkazi wa bahari, hufa maji. Kwa nahodha mwenye mashine, hatari ni kumgonga mama aliyetulia na mtoto wake karibu na uso wa maji. Akiona pumzi mbele, apunguze mwendo, azunguke kwa mbali, na asipite katikati yao.