Unataka meno meupe? Jua kwanza kwa nini yamebadilika rangi

Video ina sekunde 20 tu. Mtu anachovya mswaki kwenye unga mweusi, anasugua, anasuuza, kisha anatabasamu: meno meupe pee. Chini yake kuna namba ya WhatsApp na maneno "mzigo upo, tunakuletea ulipo".

Kitu kimoja hakisemwi kwenye video hiyo: meno hayo yalibadilika rangi kwa sababu gani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia ipi itakufaa, ipi itakula hela yako bure na ipi itaharibu jino lililokuwa zima.

Jino zima si jeupe kama karatasi

Jino lina tabaka la nje linaloitwa enameli. Ni gumu kuliko mfupa, na mwanga hupenya ndani yake. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina umanjano. Rangi unayoiona kwenye kioo ni mchanganyiko wa vyote viwili.

Ndiyo maana watu wawili wanaopiga mswaki sawasawa wanaweza kuwa na meno ya rangi tofauti. Na kadiri umri unavyosonga, enameli hupungua unene na dentini huzidi kuonekana. Meno kuwa na umanjano kidogo si ugonjwa wala si uchafu.

Jambo la kukumbuka: enameli ikishaondoka hairudi. Mwili hauoteshi nyingine.

Doa la juu au doa la ndani?

Madoa ya meno yako ya aina mbili.

Ya juu yanakaa kwenye uso wa jino. Yanatokana na:

- chai ya rangi, kahawa na mvinyo mwekundu
- sigara, ugoro na tambuu
- mirungi, au miraa kama wanavyoiita Kenya
- dawa ya maji ya madini chuma
- baadhi ya dawa za kusukutua, hasa zenye klorheksidini zikitumika muda mrefu
- ukoga ulioachwa hadi ukawa mgumu kama jiwe

Ya ndani yamo kwenye jino lenyewe. Yanatokana na:

- madini ya floraidi kuzidi mwilini wakati meno ya mtoto yanatengenezwa
- dawa za kundi la tetrasaiklini alizopewa mtoto mdogo, au mama akiwa mjamzito
- jino kugongwa, hata kama ni miaka mingi iliyopita
- jino lililokufa au lililotibiwa mzizi
- kuoza

Madoa ya juu mara nyingi hujikusanya karibu na fizi, kwenye nafasi kati ya jino na jino, na nyuma ya meno ya mbele ya chini. Yanaweza kuondolewa kwa kusafishwa. Ya ndani hayasikii mswaki, hata usugue asubuhi hadi jioni.

Likibadilika rangi jino moja tu huku mengine yakiwa sawa, usinunue chochote. Huenda limekufa au linaoza kwa ndani. Hilo ni la kupeleka kwa daktari, hata kama haliumi.

Meno ya kahawia ya Bonde la Ufa

Kwa Afrika Mashariki, hapa ndipo watu wengi hupoteza hela. Maeneo kama Arusha, sehemu za Kilimanjaro, Manyara na Singida nchini Tanzania, na Nakuru na Naivasha nchini Kenya, yana maji yenye floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Baadhi ya visima na chemchemi za ukanda huo huvuka kiwango hicho mara kadhaa.

Mtoto anayekunywa maji hayo tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8 anaweza kuota meno yenye mistari myeupe kama chokaa, mabaka ya kahawia au, hali ikiwa mbaya zaidi, vishimo. Magadi yanayowekwa kwenye maharage na mboga nayo yanaweza kuongeza floraidi.

Wenye meno haya hutaniwa shuleni, huziba mdomo wakicheka, na wengine huonekana wachafu kwenye usaili wa kazi. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kupiga mswaki mara tatu kwa siku na bado akawa na meno ya kahawia. Rangi hiyo iliingia kabla jino halijatokeza kwenye fizi, au ilijijenga baadaye kwenye enameli iliyokwisha kudhoofika.

Kwa hiyo mkaa, limau na dawa ya meno ya "kung'arisha" haviwezi kuitoa. Daktari wa meno ana njia nyingine: kusugua tabaka jembamba sana la juu kwa asidi na unga maalumu, kung'arisha kwa jeli, kupenyeza resini ndani ya enameli, au kulifunika jino kwa mbele. Meno yenye mabaka mepesi huweza kubadilika vizuri. Yenye vishimo kwa kawaida huhitaji kufunikwa.

Kwa wazazi wa maeneo hayo: kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi iliyobaki inakuwa nyingi zaidi kwa kila kikombe. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa, ni msaada mkubwa kwa mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajatoka.

Njia zilizopo, moja baada ya nyingine

*Kusafishwa na mtaalamu.* Ugaga na madoa ya juu huondolewa kwa kifaa, kisha meno yanapigwa msasa laini. Huku si kung'arisha, ni kurudisha rangi yako ya asili. Kwa mnywaji wa chai au mvutaji, mara nyingi hii peke yake inatosha. Anza hapa.

*Dawa za meno za kung'arisha.* Nyingi huondoa madoa ya juu kwa chembe za kusugua. Nyingine huacha rangi ya bluu hafifu inayofanya umanjano usionekane kwa muda. Hazibadilishi rangi ya ndani. Ukichagua, hakikisha ina floraidi ya kuzuia meno kutoboka.

*Matone na povu la zambarau.* Yanafanya kazi kama ile bluu inayotiwa kwenye mashati meupe: rangi ya zambarau hufunika umanjano machoni. Ukila na kusukutua, imeondoka. Kwa picha ya harusi sawa. Kwa zaidi ya hapo, hapana.

*Unga wa mkaa.* Mkaa husugua, na ndiyo maana doa la juu linaweza kupungua siku za mwanzo. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani haikupata ushahidi wa kutosha kwamba mkaa ni salama au unafanya kinachodaiwa. Hatari yake ni hii: ukisugua kila siku unaweza kulisha enameli, dentini ikajitokeza, na jino likawa la manjano kuliko mwanzo. Chembe nyeusi pia hunasa kwenye kingo za meno yaliyozibwa.

*Limau, siki na ndimu.* Hapa hakuna mjadala. Kila aliyewahi kula embe bichi au ukwaju anaijua ile ganzi ya meno. Ni asidi. Enameli huanza kuyeyuka kwenye pH ya chini ya takriban 5.5, na maji ya limau yana pH ya karibu 2. Jino linaonekana jeupe kwa sababu uso wake umechubuka. Kulichanganya na bekingi soda au chumvi hakuligeuzi kuwa dawa. Bekingi soda peke yake haina ukali huo na huweza kupunguza doa la juu, lakini haigusi doa la ndani.

*Vipande vya kubandika na seti za mtandaoni.* Vingi hutumia peroksaidi, na vyenye kiwango sahihi hufanya kazi. Shida ni kujua ndani kuna nini. Umoja wa Ulaya na Uingereza huruhusu bidhaa za kuuzwa moja kwa moja kwa mteja ziwe na haidrojeni peroksaidi isiyozidi asilimia 0.1. Zenye zaidi ya hapo hadi asilimia 6 lazima zipitie kwa daktari wa meno, na haziruhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Ukiletewa boksi lisiloandika viambato wala kiwango, huna namna ya kujua unaweka nini mdomoni. Na ile taa ya bluu inayokuja na seti haina maajabu. Anayefanya kazi ni jeli.

*Jeli ya nyumbani chini ya daktari.* Daktari anachukua umbo la meno yako, anatengeneza trei laini inayokaa kama soksi, na anakupa jeli, mara nyingi kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10. Unavaa kila siku kwa muda alioelekeza, kwa kawaida wiki 2 hivi au zaidi. Njia hii ilielezwa rasmi mwaka 1989 na imefanyiwa utafiti mwingi kuliko nyingine nyingi. Inakwenda taratibu, ila ndiyo yenye udhibiti mzuri. Madoa ya tetrasaiklini yanaweza kuhitaji miezi kadhaa.

*Kung'arisha kliniki.* Daktari hufunika fizi, kisha hupaka peroksaidi kali zaidi kwa muda mfupi. Mabadiliko unayaona siku hiyohiyo. Lakini meno yaliyokauka kwa kuachama muda mrefu huonekana meupe kuliko yalivyo, na baada ya siku chache rangi hurudi nyuma kidogo. Usishangae, hujatapeliwa.

*Kufunika jino.* Kwa madoa sugu, jino hubandikwa resini au ganda jembamba la kauri kwa mbele. Matokeo ni mazuri, ila mara nyingi jino huchongwa, na lililochongwa halirudi. Fanya hivi pale njia nyepesi zilipokwama, si kwa sababu msanii fulani kafanya.

Peroksaidi inafanyaje kazi?

Inapenya enameli na kuvunjavunja chembe zenye rangi zilizo ndani, jino linabaki jepesi kwa rangi. Haifanyi kazi kwenye kiziba, kofia ya jino wala jino bandia. Kama jino lako la mbele limezibwa, meno mengine yanaweza kuwa meupe na kiziba kikabaki na rangi ya zamani. Mwambie daktari mapema ili kiziba kibadilishwe baada ya kazi.

Athari inayotokea sana ni jino kuuma likiguswa na baridi, na fizi kuwasha. Kwa wengi huisha ndani ya siku chache. Maumivu yakizidi, simamisha na urudi kwa daktari.

Ile peroksaidi ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi haikutengenezwa kwa kazi hii. Usiitumie kama jeli.

Nani asubiri

- Aliye chini ya miaka 18
- Mjamzito na anayenyonyesha
- Mwenye meno yaliyotoboka au fizi zinazotoa damu, hadi atibiwe
- Ambaye meno yake yanapata ganzi hata kwa maji ya kawaida

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

- Doa langu ni la juu au la ndani, na limetokana na nini?
- Mtaangalia meno na fizi kwanza?
- Mnatumia dawa gani, na kiwango chake ni asilimia ngapi?
- Bei hiyo inajumuisha kusafishwa na kurudi kuangaliwa?
- Nitarajie mabadiliko kiasi gani?
- Anayenihudumia amesajiliwa?

Swali la mwisho usilione haya. Madaktari wa meno Tanzania husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya kuna baraza la madaktari na madaktari wa meno. Nchini Uingereza saluni kung'arisha meno ya mteja ni kosa kisheria, kwa kuwa kazi hiyo ni ya wataalamu wa meno waliosajiliwa. Anayeahidi "meupe kama ya msanii" kabla hata hujafungua mdomo, muogope.

Ukishang'arisha

Rangi haidumu milele. Inaweza kukaa miezi kadhaa hadi zaidi ya mwaka, kutegemea unachokula na kuvuta. Kunywa maji baada ya chai au kahawa. Ukinywa soda au juisi ya ukwaju, subiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, kwa sababu enameli inakuwa imelainika. Tumia mswaki laini na usikandamize. Mswaki wa mti nao husafisha vizuri uso wa jino, mradi usichubue fizi.

Na kama hela iliyopo inatosha kitu kimoja tu mwaka huu, iwe ni kuangaliwa na kusafishwa meno. Huenda ukagundua doa ulilotaka kulinunulia dawa lilikuwa ni la kuondolewa kwa ziara moja, au kwamba chini yake kulikuwa na tundu lililohitaji kuzibwa kabla halijafika kwenye mzizi.