Mnaagiza tartani kama kikundi? Pesa zifike kabla nyuzi hazijapangwa

Kilti ni ile sketi nzito ya marinda ambayo wanaume wa Uskoti huvaa harusini na kwenye bendi za zumari. Kitambaa chake cha sufu chenye miraba ndicho tartani. Ukitaka muundo uliozoeleka, unanunua kwa mita na kazi imeisha. Lakini familia ikiwa na harusi kule Glasgow na inataka rangi zake yenyewe, lazima kifumwe upya. Hapo ndipo jamaa wa huku na wa kule huamua kuagiza pamoja, na hapo ndipo maneno huanza.

Elewa kwanza bei inatoka wapi. Kabla ya kufuma hata sentimita moja, fundi hupanga mamia ya nyuzi za mtande kwenye mtambo, kila rangi kwa hesabu yake. Kazi hiyo ni ileile, mtake mita tano au hamsini. Tuseme, kwa mfano tu, kupanga nyuzi ni shilingi 60,000. Mkiwa 12, kila mtu anabeba 5,000. Wanne wakijitoa, waliobaki wanabeba 7,500 kila mmoja, na kitambaa chenyewe bado hamjalipia.

Ndiyo maana "nitatuma mwisho wa mwezi" ni hatari hapa kuliko kwenye mchango wa kawaida. Harambee ikikosa mtu mmoja, mfuko unapungua kidogo. Hapa akikosekana mmoja, bei ya wenzake inapanda. Na kitambaa cha rangi zenu hakirudishwi. Nani mwingine atakinunua?

Kwa hivyo chukueni pesa kwa awamu mbili. Ya kwanza, kabla ya kuagiza: sehemu ya kupanga nyuzi pamoja na nusu ya kitambaa. Kubalianeni mapema, kwa maandishi kwenye grupu, kwamba hii hairudishwi mpaka anayejitoa alete mtu wa kuchukua nafasi yake. Ya pili, kabla mzigo haujatumwa. Bei ikiwa ya pauni, ongezeni kitu kidogo juu, maana kiwango cha kubadilisha pesa hakitawasubiri. Ikibaki, mrudishiane.

Zisikae kwenye laini ya mtu mmoja. Si kwamba ni mwizi. Simu hupotea, watu huugua, na pesa za kikundi zikichanganyika na za unga, hata mwenyewe hajui zipi ni zipi. Fungueni akaunti ya kikundi ambayo watu wawili lazima waidhinishe kabla pesa hazijatoka. Kila mtu anapolipa ahakikishe jina lake linaonekana kwenye malipo. Na we mweka hazina, usikubali picha ya meseji kama risiti. Meseji hutungwa. Angalia salio na taarifa ya akaunti mwenyewe.

Kabla ya kulinganisha bei, ulizeni upana. Kilti ya mtu mzima kwa desturi hula yadi 8 za kitambaa chembamba au yadi 4 za kile kipana, cha kama sentimita 150. Yadi 4 ni karibu mita 3.7, kwa hivyo watu 12 ni karibu mita 44. Usipouliza, utadhani umepata nafuu kumbe umepata nusu. Ushonaji ni bei nyingine kabisa.

Angalieni pia kama mchoro una mwenyewe. Sajili ya Tartani ya Uskoti, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2008, hutafutwa bure mtandaoni. Tartani ya Balmoral, kwa mfano, ni ya familia ya kifalme.

Wakati wa kulipa kiwanda, jina kwenye akaunti ya benki lifanane na jina kwenye ankara. Ikija barua pepe kusema "tumebadilisha akaunti", usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Pesa ikishatua ng'ambo kwa mtu asiye sahihi, kuirudisha si kama kurudisha elfu moja uliyotuma kwa namba yenye kosa.

Kitambaa kikija Kenya, tengeni pesa ya forodha, pamoja na VAT ya asilimia 16. Kama harusi iko Glasgow na mafundi wako huko, kitumwe moja kwa moja kwa mshonaji. Vipimo vyenu mnaweza kuvituma kwa simu.

Halafu kuna yule binamu anayekumbuka baadaye. Mtambo ukishafunguliwa, nyuzi zake zitapangwa upya kwa gharama yake peke yake, na nyekundu yake huenda isifanane na yenu, kwa sababu sufu iliyotiwa rangi siku nyingine hutofautiana kidogo. Mpigie leo.