Chai Haiwi Mboga

Mkulima wa Chepseon akitoka mlangoni huona shamba la kijani kibichi, lakini jioni mtoto hutumwa sokoni kununua sukuma wiki. Siku ambayo fedha hazipo, ugali huliwa kwa chai. Jambo hili si dogo, kwa maana mtoto akosaye mboga hupungukiwa na damu, na macho yake hukosa vitamini A.

Sababu yajulikana. Tangu KTDA ilipoundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wengi wamepanda chai, nayo imesomesha watoto. Lakini chai hulipwa kwa mwezi na bonasi huja mara moja kwa mwaka, hali tumbo hudai kila siku. Tena wana wakigawiwa shamba, ploti hupungua, na chai hupandwa mpaka ukutani.

Natuwatazame watu wa Kibera, Nairobi, wasio na shamba lo lote. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, chakula kilikuwa adimu na ghali. Shirika la Solidarités International liliwasaidia wenyeji kupanda mboga katika magunia yaliyosimamishwa karibu na nyumba zao. Wengi walikula mboga zao wenyewe, na wengine wakauza ziada. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Ikiwa mtu mwenye hatua moja ya ardhi aweza, sisi wenye ekari tuseme nini?

Kazi yenyewe ni hii:

1. Tafuta gunia zima lisilowahi kutiwa dawa. Liweke penye jua, karibu na ukuta, ili mvua ya mawe isipasue majani. Lakini lisikae chini ya matone ya paa.

2. Usichukue udongo wa shamba la chai. Chai hupenda udongo wenye asidi nyingi, na sukuma wiki haiupendi. Changanya ndoo mbili za udongo mweusi na ndoo moja ya samadi iliyooza, na majivu ya kuni kidogo.

3. Toa vitako vya kopo kubwa, ulisimamishe katikati ya gunia na kulijaza kokoto. Jaza udongo kandokando, vuta kopo juu, kisha jaza tena, mpaka gunia lijae. Kokoto hizo ndizo njia ya maji. Bila hizo mizizi itaoza.

4. Toboa matundu ubavuni, yaachane kadiri ya shibiri moja, upande miche. Juu panda mnavu au mgagani, ambao Wakipsigis huuita isagek.

5. Mwagilia asubuhi au jioni. Maji ya kuoshea mboga yafaa. Maji ya mtaro hayafai kamwe, kwa kuwa huleta maradhi.

Baada ya wiki sita hivi utaanza kuchuma. Chuma majani ya chini, usiguse kilele, na gunia litakulisha miezi mingi.

Wala usingoe chai yako. Chai ni ya karo na mabati. Gunia ni la sufuria. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi mboga ya sokoni ni fimbo ya mbali. Anza na gunia moja msimu huu, na ukipata shida mwulize Afisa wa Kilimo wa wadi yako.