Mgongo wa kitabu nao ukaguliwe

Tangu KCPE ya mwisho ifanywe mwaka 2023, stoo ya shule ninamofundisha imesheheni vitabu vya 8-4-4. Nilidhani ni mali, kwani karatasi kuukuu huvurugwa majini ikawa rojo, na rojo likazaa karatasi mpya. Kumbe mnunuzi hakuvitaka mpaka tuikate migongo!

Kisa ni gundi. Migongo hiyo ilibandikwa kwa gundi ya plastiki iliyolainishwa kwa moto. Majini haiyeyuki. Hukatikakatika vipande vidogo vinavyopenya chujio, vikaganda mashineni na kuitia karatasi mpya mabaka na matundu. Gundi ya wanga huyeyuka majini, nao uzi wa kitabu kilichoshonwa hunaswa na chujio.

Najua wachapishaji watasema kwamba gundi ya moto hukauka upesi na kupunguza gharama. Ni kweli. Lakini sheria ya taka ya mwaka 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata ikishatumika. Basi wanaoidhinisha vitabu vya shule waulize pia vimeshikanishwa kwa nini. Nasi walimu tusiwahimize wanafunzi kuhifadhi mazingira kwa kitabu kisichoweza kuzaliwa upya.