NYENZO MPYA ZA ELIMU NA WAJIBU WA MWALIMU

Katika semina nyingi za walimu siku hizi swali moja halikosi kuulizwa: je, kompyuta, simu na intaneti zitachukua nafasi ya mwalimu? Kwa maoni yetu, swali hili limeulizwa vibaya. Jembe halilimi lenyewe, wala redio haifundishi yenyewe. Linalopasa kuulizwa ni hili: nyenzo hizi ziko mikononi mwa nani, zinatumika kwa utaratibu gani, na zinamjenga mtu wa namna gani?

Historia inatufundisha nini

Taifa letu limekwisha kukabiliana na suala hili. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uamuzi huo haukutokana na chuki dhidi ya maendeleo. Mashine zilizofungwa Hazina katika miaka ya 1960 kwa ajili ya hesabu za Serikali zilikuwa zimeleta hasara na vurugu, na nchi haikuwa na wataalamu wake wa kutosha wa kuziendesha. Kosa la msingi lilikuwa kutanguliza mashine kabla ya kuandaa watu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imeonyesha njia iliyo kinyume. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kitabu na kiongozi aliyepewa mafunzo. Kipindi kikimalizika, wanakikundi walijadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani kuzunguka nyumba, kulinda maji ya kunywa. Redio ilileta sauti. Kikundi ndicho kilicholeta elimu.

Ndivyo ilivyokuwa pia baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililodai Elimu ya Msingi kwa Wote ifikapo 1977. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wote waliohitajika. Kwa hiyo vijana walifundishwa ualimu huko huko vijijini kwa masomo ya posta, vipindi vya redio, na kukutana ana kwa ana na wakufunzi. Waliohitimu walizidi 35,000. Hatudai kwamba wote waliiva sawasawa. Upungufu ulikuwapo, na ulionekana zaidi pale ambapo mkufunzi hakufika mara kwa mara. Hilo nalo ni fundisho.

Hali ya leo

Leo nyenzo zimebadilika sana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bila kununuliwa. Kwa mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, mwalimu anaweza kujifunza kwa simu yake, kisha akajadiliana na wenzake katika jumuiya ya ujifunzaji shuleni. Haya ni maendeleo ya kweli.

Lakini pana ukinzani ndani yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, mtoto wa nyumba yenye umeme, simu na fedha ya bando aliendelea kusoma. Mtoto wa nyumba isiyokuwa na vitu hivyo alibaki na daftari lake la zamani. Wote wawili walirudi darasa lile lile na kungojewa na mtihani ule ule. Nyenzo inayoweza kuwafikia wote, ikiachwa ifuate uwezo wa mfuko wa mzazi, huzaa matabaka mapya ya wasomi.

Ukinzani wa pili unahusu lugha na maudhui. Maarifa mengi yaliyomo kwenye intaneti yameandikwa kwa Kiingereza na kwa kufuata mazingira ya wengine. Mtoto wa shule ya msingi anayefundishwa kwa Kiswahili huyaona kama duka lililofungwa. Tusipoandika wenyewe, tutabaki watumiaji tu wa fikra za wengine.

Kosa letu wenyewe

Ukinzani wa tatu unatugusa sisi wakufunzi. Tuliwahi kutoa swali la insha kwa wanachuo wetu tukapokea majibu mengi yaliyofanana, yenye lugha safi isiyo ya mtu yeyote darasani. Akili mnemba ilikuwa imefanya kazi. Tuligomba. Baadaye, tulipokaa na kujikosoa, tuliona kwamba swali lenyewe lilitaka wakariri fasili tulizowapa. Mashine hukariri kuliko mtu. Muhula uliofuata tuliwatuma vijijini wakaulize jinsi bei ya mazao inavyopangwa, warudi waeleze na kutetea hoja zao mbele ya wenzao. Simu walikuwa nazo, na walizitumia kutafuta takwimu. Lakini hakuna aliyeweza kusimama akatetea asichokiona.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilidai kijana awe na akili ya udadisi na uwezo wa kujiamulia. Miaka mingi tulilitamka jambo hilo huku tukiendelea kuimlisha nukuu ubaoni. Nyenzo mpya zimefichua unafiki huo. Mwalimu ambaye kazi yake ni kuimlisha nukuu ana haki ya kuogopa. Mwalimu anayeongoza mjadala, anayejua kwamba mwanafunzi fulani hajala tangu asubuhi, anayeunganisha somo na shamba, huyo hana mbadala.

Tufanye nini

Kwanza, nyenzo ziwe za shule na za jumuiya kabla ya kuwa za mtu binafsi. Kompyuta moja yenye kikundi na kiongozi inafundisha zaidi ya kumi zilizofungiwa ofisini kwa kuogopa vumbi. Pili, mwalimu aandaliwe kabla mashine haijafika, wala asiachwe peke yake baada ya semina moja. Tatu, walimu waandike na kurekodi masomo kwa Kiswahili, kwa mifano ya hapa kwetu. Nne, tubadili maswali na mitihani yetu, ipime kufikiri na kutenda.

Mwaka 1973 hatukungoja kila kaya iwe na redio. Tulikaa kuizunguka iliyokuwapo, tukasikiliza, tukajadili, kisha tukashika majembe. Utaratibu huo haujapitwa na wakati.