Njaa Katika Nyumba Yenye Mahindi

Wengi wetu huamini kwamba mtoto hudhoofu kwa sababu ghala la kwao ni tupu. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini sisi tunaopima watoto kliniki tunajua kuwa njaa huweza kukaa hata katika nyumba yenye mahindi.

Tuutazame Mkoa wa Iringa. Mahindi yake hulisha watu wengi nchini, lakini utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa Tanzania nzima ni watoto 30 katika kila 100.

Kwa nini? Mama maskini huenda shamba alfajiri, pengine kufanya kibarua, na hurudi jioni. Mtoto hula mara mbili tu kwa siku. Tumbo lake ni dogo, na uji mwepesi hulijaza kabla hajapata nguvu ya kutosha.

Walivyoshirikiana

Mwaka 1983 serikali, UNICEF na Shirika la Afya Duniani walianzisha mpango wa lishe mkoani humo, kwa msaada wa fedha kutoka Italia. Ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa kila miezi mitatu, na matokeo yakajadiliwa na kamati ya kijiji, si kufungiwa kabatini. Vilianzishwa vituo vya kutunza watoto mchana, ili wapate kula mara kadhaa mama zao wakiwa kazini. Kati ya mwaka 1984 na 1988, watoto wenye uzito mdogo kupita kiasi walipungua kutoka kama 6 hadi chini ya 2 katika kila 100. Hali ya leo inatukumbusha kuwa kazi hii haifanywi mara moja ikaisha.

Tuanzie wapi?

Kikundi cha akina mama wa kanisa kisifanye kazi hii peke yake. Tumwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa, mhudumu wa afya, bwana shamba na majirani wa dini zote. Tuombe chumba karibu na mashamba. Kila mzazi alete alichonacho: unga, maharage, karanga, mboga au kuni. Asiye na kitu achangie zamu ya kupika, asije akaona haya kumleta mtoto.

Tusisahau kimea. Loweka ulezi usiku kucha, uufunike mpaka uchipue, uanike juani, uondoe vichipukizi, kisha usage. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, ukoroge kijiko kimoja cha kimea. Utalainika bila kuongezwa maji. Uchemshe tena kabla ya kumpa mtoto. Hivyo kikombe kimoja hubeba nguvu nyingi zaidi. Lakini aliye chini ya miezi sita apewe maziwa ya mama tu.

Mwisho, tuzisome kadi za kliniki. Mstari wa uzito ukilala au kushuka, tusingoje mtoto avimbe miguu. Tumpeleke kituo cha afya, kisha tumtembelee mama yake tukiwa na unga mkononi, si lawama. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha jirani huokoa mtoto.